Arifa zisizoitwa kwenye kompyuta za nyumbani Tunda: mwenye nyumba ndiye wa kuamua

Chukua mwalimu mmoja wa Tunda, saa mbili ya usiku. Jua limezama, betri ya sola imebakiwa na nguvu kidogo, naye anataka kumaliza maulizo ya mtihani kabla kompyuta haijazimika. Kwenye pembe ya chini ya kioo kidirisha kinaruka: kompyuta ina virusi vitano, finya hapa haraka. Anakifunga. Hajamaliza mstari wa pili, kingine kinatokea, cha michezo ya kubahatisha. Cha tatu kinaleta picha ya mtu asiyemjua na habari isiyo na kichwa wala miguu. Halafu kompyuta yenyewe inamkumbusha kwamba kuna toleo jipya la kupakua. Betri inaisha, maulizo hayajaisha.

Mwalimu huyo ni mfano tu. Lakini mwenye kompyuta nyumbani, awe Tunda, Kibombo au mjini Kindu, hatauliza mfano huo umetoka wapi. Anaujua.

Jambo hili linaweza kuonekana dogo mbele ya matatizo ya jimbo la Maniema: barabara mbovu, umeme haba, mtandao unaokuja na kupotea. Ni kweli ni dogo kuliko hayo. Ila matatizo hayo ndiyo yanayolifanya kuwa zito. Mtu mwenye intaneti isiyokatika na umeme usiozimika akirukiwa na kidirisha, anapoteza sekunde moja na uvumilivu kidogo. Mkaaji wa Tunda anapoteza mega alizozilipia, nguvu za betri alizozikusanya tangu asubuhi, na wakati mwingine pesa zenyewe. Kwa hiyo kuzima arifa hizo ni hesabu ya nyumbani, sawa na kufunika mtungi ili maji yasimwagike.

Kwanza ijulikane zinatoka wapi. Watu wengi wanadhani mashine imezeeka, au imeingiwa na virusi, na wanaipeleka kwa fundi afute kila kitu. Mara nyingi haikuhitajika kufika huko. Arifa nyingi za pembeni mwa kioo zinakuja kwa sababu mtu fulani wa nyumbani aliziruhusu, bila kujua alichokuwa anaruhusu.

Tangu mwaka 2015 kivinjari cha Chrome, na tangu 2016 kile cha Firefox, vinazipa tovuti uwezo wa kuomba ruhusa ya kutuma arifa. Ombi linatokea juu ya ukurasa, lenye vifungo viwili. Kwenye kompyuta za Kifaransa, ambazo ndizo nyingi Kongo, vimeandikwa "Autoriser" na "Bloquer". Anayefinya cha kwanza anaipa tovuti ile tiketi ya kumfuata. Hata akifunga ukurasa, hata asirudi tena mwaka mzima, tovuti inaweza kuendelea kumtumia ujumbe kila kivinjari kikiwa kinafanya kazi. Na kivinjari kinaweza kubaki kikifanya kazi kwa siri nyuma ya pazia hata baada ya dirisha lake kufungwa.

Uwezo huo ulibuniwa kwa kazi nzuri. Barua pepe ikiingia, mwenyewe ajulishwe. Mkutano ukikaribia, akumbushwe. Lakini wafanyabiashara wa matangazo waliona mlango uko wazi, wakaingia na mizigo yao. Walio wabaya zaidi wakatunga uongo: ukurasa unamwambia mtoto anayetafuta filamu au muziki kwamba afinye "Autoriser" ili video ianze, au ili athibitishe kwamba yeye ni binadamu na si roboti. Mtoto anafinya. Video haianzi. Kuanzia siku hiyo, baba na mama wanapokea matangazo ambayo hawakuyaita.

Kwamba watu hawazipendi arifa hizi si maoni ya Maniema peke yake. Mozilla, shirika linalotengeneza Firefox, lilipochunguza matumizi ya kivinjari chake lilikuta karibu maombi 99 kati ya 100 hayakukubaliwa. Mwezi wa kwanza 2020 likabadili utaratibu: Firefox ikaacha kumrukia mtu na ombi hilo kabla hajagusa chochote kwenye ukurasa. Chrome nayo mwaka huohuo ikaleta njia ya kuyanyamazisha maombi hayo. Watengenezaji wenyewe wamekubali kwamba mlango waliouacha wazi uliingiza wengi mno.

Wamekubali mara nyingine pia. Ethan Zuckerman, Mmarekani aliyeandika msimbo wa mojawapo ya matangazo ya kwanza ya kuruka kwenye dirisha lake lenyewe, miaka ya mwisho ya 1990 alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya Tripod, aliomba radhi hadharani mwaka 2014. Alieleza kwamba nia haikuwa mbaya: kampuni ilitafuta njia ya kupata pesa za matangazo bila kubandika tangazo ndani ya ukurasa wa mtu. Nia njema ya ofisi moja Marekani ikawa kero ya dunia nzima.

Sasa hesabu ya mega. Ni haki kusema ukweli wote: ujumbe wa arifa peke yake ni mdogo sana, maandishi yake kwa kawaida hayapiti kilobaiti 4 hivi. Asiye na mega nyingi hatafilisika kwa hizo. Mega zinaliwa na kinachofuata: picha inayokuja pamoja na ujumbe, ukurasa unaofunguka kidole kikiteleza, video inayoanza yenyewe ndani ya ukurasa huo, na programu inayopakuliwa kwa kisingizio cha kusafisha virusi. Aliyenunua forfe ya wiki anakuta imeisha siku ya tatu, na anailaumu kampuni ya simu au watoto.

Kisha kuna maboresho makubwa ya mfumo wenyewe, ambayo uzito wake haulingani na arifa za matangazo. Hapa kuna kisa kilichotokea karibu na Kongo, na kila anayetumia kompyuta vijijini anapaswa kukijua. Mwaka 2015 Microsoft ilitoa Windows 10 na kuwapa bure kwa mwaka mmoja waliokuwa na Windows 7 na 8. Kidirisha cha kuwahimiza wahame kiliruka kwenye mamilioni ya kompyuta. Mwezi wa tano 2016 mambo yakazidi: mtu aliyefinya alama ya X ili kufunga kidirisha hicho alihesabiwa kuwa amekubali, na kompyuta ikapangiwa kuhama. Chris Capossela, aliyekuwa mkuu wa masoko wa Microsoft, alikiri mwisho wa mwaka huo kwamba kampuni ilikuwa imepita kiasi.

Katika miezi hiyo, habari ilitoka Chinko, hifadhi ya wanyama mashariki mwa Jamhuri ya Afrika ya Kati, upande wa kaskazini wa mpaka na Kongo. Kompyuta za kituo zilizotolewa kama msaada zilianza zenyewe kupakua Windows 10, giga kadhaa, kwenye intaneti ya setilaiti inayolipiwa kwa bei kali. Wafanyakazi wa pale walilalamika kwamba pesa ziliteketea na mashine zilikwama, wakati kompyuta hizo ndizo zinazosaidia kuwaongoza walinzi wanaokabiliana na majangili wenye silaha. Mtu aliyeketi katika ofisi yenye waya wa intaneti usio na kikomo hakuwa amewafikiria. Kule California, mwanamke mmoja mwenye ofisi ndogo ya safari alikwenda mahakamani baada ya kompyuta yake kuharibika kwa kuhamishwa bila ridhaa, na Microsoft ikamlipa dola 10,000. Mkaaji wa Tunda hana mahakama ya namna hiyo karibu. Kinga yake ni kuzijua swichi za mashine yake.

Gharama ya tatu haionekani kwenye forfe wala kwenye betri, nayo ndiyo kubwa: ni imani. Kidirisha kinachosema kuna virusi, chenye rangi nyekundu na alama iliyoibwa kwa kampuni inayojulikana, kinamtisha mtu ambaye kompyuta yake ndiyo mali yake ya bei kuliko zote nyumbani. Anafinya, anaingiza namba anazoulizwa, anapakua asichokijua. Wengine wanafanya kinyume chake: wamechoka kudanganywa, hawaamini tena onyo lolote, na siku onyo la kweli likija wanalifunga pamoja na ya uongo. Kelele nyingi zinamfanya mtu kuwa kiziwi, na kiziwi hasikii hata mlango wake ukivunjwa.

Ndiyo sababu ushauri wa mafundi fulani, kwamba mtu azime kila kitu na akae kimya, haufai kukubaliwa wote. Mwezi wa tano 2017 virusi vya WannaCry vilifunga mafaili ya kompyuta katika nchi nyingi, vikadai fidia, na kuvuruga hospitali za Uingereza. Dawa yake Microsoft ilikuwa imeitoa tangu mwezi wa tatu, miezi miwili kabla. Walioumia zaidi ni wale ambao mashine zao hazikuwa zimeipokea. Na tangu tarehe 14 mwezi wa kumi 2025, Windows 10 imetoka katika utaratibu wa kawaida wa maboresho ya bure ya usalama. Mwenye mashine ya zamani akiona tangazo kubwa la kumwambia jambo hilo, tangazo linaweza kumuudhi, lakini habari iliyomo ni ya kweli na inamhusu.

Kwa hiyo mwenye nyumba achague nani abishe hodi na nani aachwe nje. Kazi yenyewe haichukui robo saa, na haitaki fundi wala mega.

Kwanza, kivinjari. Kwenye Chrome, afungue vidoti vitatu vilivyo juu upande wa kuume, aingie "Paramètres", kisha "Confidentialité et sécurité", kisha "Paramètres des sites", kisha "Notifications". Atakuta orodha ya tovuti zote zilizopewa ruhusa. Wengi watashangaa kwa majina watakayoyaona hapo. Kila asiyejulikana aondolewe au azuiwe. Juu ya orodha hiyo kuna chaguo la kuzikataza tovuti zote zisiombe tena. Kwa kompyuta inayotumiwa na watoto, hilo ndilo bora. Kwenye Firefox njia ni "Paramètres", "Vie privée et sécurité", sehemu ya "Permissions", halafu "Notifications". Hapo pia kuna kisanduku cha kuzuia maombi mapya.

Pili, kujua nani anasema. Arifa inayopitia Chrome inabeba jina la kivinjari au la tovuti iliyoituma, kwa herufi ndogo. Onyo la virusi lenye jina la tovuti ya filamu ni uongo, bila kuuliza zaidi. Lisifinywe ndani, lifungwe, kisha tovuti hiyo iondolewe kwenye orodha. Onyo likijaza kioo kizima na kukataa kufungwa, mtu asipige namba yoyote ya simu iliyoandikwa pale. Ajaribu F11 au Échap, au ashike Alt pamoja na F4. Ikishindikana, Ctrl, Alt na Suppr kwa pamoja vitamfungulia njia ya kuzima kivinjari au kompyuta.

Tatu, Windows yenyewe. Kwenye "Paramètres", sehemu ya "Système", kuna "Notifications". Pale kila programu ina swichi yake. Zinazoleta matangazo zizimwe. Za betri na za usalama zibaki. Kuna pia kisanduku cha kuruhusu Windows kutoa ushauri na mapendekezo. Kikiondolewa alama, kelele nyingi za mfumo zinapungua. Na anayetaka kumaliza kazi bila kusumbuliwa jioni moja tu ana chaguo la "Ne pas déranger" kwenye Windows 11, ambalo kwenye Windows 10 linaitwa "Assistant de concentration".

Nne, na kwa Tunda hii ndiyo ya thamani kuliko zote: kuiambia kompyuta kwamba mega zinalipiwa. Simu ikitumika kuipa kompyuta intaneti, mashine inaweza kuidhani ni mtandao usio na kikomo, ikaanza kupakua mizigo. Kwenye "Réseau et Internet", mtu afungue mtandao anaoutumia, awashe "Connexion limitée". Kuanzia hapo Windows inaahirisha sehemu kubwa ya upakuaji wake. Siku mwenyewe atakapokwenda Kindu, au atakapopata intaneti ya bei nafuu kwenye ofisi au shule, ataizima swichi hiyo na kuacha maboresho ya usalama yaingie. Kuahirisha si kukataa. Atakayesahau hatua hii ya mwisho atakuwa amefunga mlango na kuuacha mlinzi nje.

Haya yote mtu mmoja anaweza kuyafanya nyumbani kwake. Lakini si haki mzigo wote umwangukie mkulima aliyenunua kompyuta ya mkono wa pili ili watoto wasome, wala mama anayeandika hesabu za duka lake. Anayeuza kompyuta hizo Kindu, Goma au Bukavu anaipitia kila mashine kabla ya kuitoa: anaweka programu, anafuta ya mwenye kwanza. Dakika kumi za kuzima maombi ya arifa na kuonyesha swichi ya mega zingekuwa sehemu ya heshima yake kwa mnunuzi. Wenye nyumba za kuchapa na kutoa fotokopi, ambako wanafunzi wengi wanagusa kompyuta kwa mara ya kwanza, wanaweza kufanya vivyo hivyo kwenye mashine zao. Na mwalimu anayefundisha kompyuta shuleni, kabla ya kumwonyesha mtoto jinsi ya kuandika barua, amweleze maana ya neno "Autoriser". Mtoto anayeelewa neno hilo moja anailinda nyumba nzima.

Serikali nayo ina sehemu yake. Kongo ina Sheria ya mambo ya dijitali tangu tarehe 13 mwezi wa tatu 2023, na ndani yake idhini ya mtu ni moja ya misingi ya kutumia data zake. Idhini iliyopatikana kwa kumdanganya mtoto kwamba video itaanza si idhini. Mamlaka husika zikilisema hilo waziwazi, redioni na kwa lugha ambazo watu wanazisikia, Kiswahili kikiwemo, sheria itaacha kuwa karatasi ya Kinshasa na kufika Maniema.

Wakongo wanalijua jambo hili kwa uzoefu. Hawajasahau RAM, ule ushuru uliokuwa ukikatwa kwenye krediti za simu tangu 2020. Ulichukuliwa kidogo kidogo, na wengi waligundua pale salio lilipopungua bila wao kupiga simu. Watu walipiga kelele, wabunge wakauliza maswali, na mwaka 2022 ukaondolewa. Somo lililobaki ni kwamba kinachochukuliwa kwa vipande vidogo bila kuulizwa bado kimechukuliwa, na kwamba kunyamaza hakukirudishi.

Kwa arifa za kompyuta hakuna haja ya kusubiri bunge. Swichi iko ndani ya mashine, chini ya kidole cha mwenyewe. Tunda ni mahali ambapo watu wanajua kumkaribisha mgeni: anapiga hodi, anasubiri, anaambiwa karibu, ndipo anaingia. Anayeingia bila hodi, akaketi mezani na kula chakula cha watoto, hata kama ni kidogo, anaonyeshwa mlango. Kompyuta iliyo juu ya meza hiyohiyo haistahili adabu iliyo chini ya hiyo.

Mwalimu wa mfano wetu akitumia robo saa leo, kesho usiku betri yake itamaliza kazi iliyowashiwa. Maulizo ya mtihani yataandikwa yote, na wanafunzi wake watayakuta asubuhi.